Chupa ya Hamira Nyuma ya Pazia

Ukimwambia mtu wa Musoma kwamba unafuga samaki ndani ya nyumba, swali lake la kwanza ni wakifika ukubwa gani utawakaanga. Ukimjibu kwamba hutawakaanga kamwe, anakuangalia kwa huruma, kisha anakuuliza kama masomo ulimaliza au uliyaacha njiani.

Mimi nilikuwa nimemaliza. Nilirudi nyumbani kwa shangazi, aliyenilea, nikiwa na shahada ya biolojia, begi moja la nguo na tabia ambayo yeye aliiita ugonjwa wa kwa nini. Kwa nini vikombe vizuri vinakaa kabatini mwaka mzima vikiwasubiri watu tusiowapenda? Kwa nini redio inafunikwa kitambaa kana kwamba itapata baridi? Kwa nini watu wakija kuposa wanasema wameona ua kwenye bustani yetu, wakati bustani hatuna, tuna uwanja wa saruji na pipa la maji?

"Ajira ikipatikana," shangazi alikuwa akisema, "waulize na wao hayo maswali. Watakurudisha hapa kabla ya chai ya saa nne."

Shangazi anauza kanga na vitenge mjini, na nyumba yake inafuata taratibu za duka lake: kila kitu kimekunjwa, kila kitu kimefunikwa. Tulikuwa watatu humo ndani. Yeye, mimi, na binti yake, mdogo wangu, ambaye ana moyo safi na sauti ya kumwita mtu aliyeko kisiwa cha Rukuba bila kutumia simu. Akisema "nipe chumvi" jikoni, jirani anapitisha chumvi juu ya ukuta.

Ajira haikupatikana haraka, nami sijui kukaa mikono mitupu. Nikaamua kutengeneza bustani ya majini: tangi la kioo lenye mimea inayoota chini ya maji na samaki wachache wa kuichangamsha. Nilikuwa nimeliona moja chuoni, kwenye ofisi ya mhadhiri, na ndicho kitu pekee cha ofisi ile ambacho sikukitilia shaka.

Tangi alinitengenezea fundi wa madirisha ya aluminiamu. Nilimchorea kwenye karatasi, akaigeuza juu chini, akauliza, "La sambusa au la keki?"

"La samaki."

"Wa kukaanga."

"Wazima. Wanaogelea."

Akalitengeneza vizuri, pembe zote zimenyooka, ila kwa kunihurumia aliweka kidirisha cha kuteleza upande mmoja, ili biashara ya samaki ikinishinda nihamie sambusa. Ilibidi akizibe kwa gundi huku akinung'unika kwamba naua mtaji.

Samaki niliwapata kwa mvuvi wa Rukuba aliyekuja kuuza dagaa mjini. Nilitaka furu, wale samaki wadogo wenye mgongo wa buluu, ambao kwake ni takataka ya wavu. Alinipa bure ndani ya ndoo, akakataa hata kupokea asante, kwa sababu alidhani nina matatizo nyumbani. Mimea niliifuata kwenye kijito nje kidogo ya Butiama. Nilikuwa nimeinama majini, suruali imekunjwa hadi magotini, nang'oa majani mororo yenye mizizi, mama mmoja aliyekuwa anafua jirani akanikazia macho.

"Ni dawa ya nini?"

"Si dawa, mama. Ni ya kupamba."

"Ya kupamba." Akaendelea kusugua shuka. "Nyie wasomi mkishajuaga dawa mnaificha."

Niliporudi pale baadaye kuongeza mimea, kingo zote za kijito zilikuwa zimeng'olewa mpaka udongo mtupu. Sijui yale majani yalitibu nini, lakini natumaini yalisaidia.

Nikapanda bustani yangu sebuleni, chini ya dirisha, juu ya meza imara. Mtaani ikawa kichekesho. Watu wa ziwani wanatoa jasho kuondoa magugu maji ili mitumbwi ipite, na msomi wa nyumba ile anayaingiza ndani na kuyawashia taa. Kisha, kabla sijamaliza kujitetea, majani yakaanza kuwa ya kahawia. Yakalegea, yakaota utelezi kama kamasi. Furu walikuwa wazima. Bustani ndiyo ilikuwa inakufa.

"Majani yako yanaumwa," shangazi alisema akipita na mzigo wa vitenge kichwani.

Nikamweleza, kwa kuwa sijawahi kunyamaza nikiulizwa au nisipoulizwa. Mmea unataka mwanga, nao upo. Unataka chakula, nacho kipo kwenye udongo. Lakini unataka pia hewa ukaa, ile kabonidayoksaidi ya shuleni, na kwenye maji yaliyotulia ya tangi hewa hiyo ni kidogo mno. Nikiwasha taa kali na hewa haipo, ni sawa na kuweka sufuria kubwa jikoni bila unga.

"Hewa hiyo si ndiyo tunayoitoa tukipumua?"

"Ndiyo hiyo, pamoja na nyingine."

"Basi pulizia. Shahada ya nini?"

Nikapuliza. Nilipata mpira mwembamba, nikauingiza majini, nikapuliza mapovu mpaka sebule ikaanza kuzunguka. Mdogo wangu alinikuta nimepiga magoti mbele ya tangi, mpira mdomoni, macho mekundu. "Mama!" akapiga kelele, na nadhani hata Bunda walisikia. "Dada anakunywa maji ya samaki!"

Nikaenda kwa mafundi wanaojaza mitungi ya kuzimia moto, maana baadhi ya mitungi hiyo ina hewa ukaa tupu.

"Moto uko wapi?" fundi aliuliza.

"Hakuna moto. Ni kwa ajili ya samaki."

Akamwita mwenzake atoke ndani aje asikie mwenyewe. Nikaondoka kabla hajamwita na wa tatu.

Iliyobaki ilikuwa njia ya hamira, niliyoisoma kwenye simu na kuidharau kwa sababu ilieleweka haraka mno. Unachukua chupa kubwa ya plastiki ya maji ya kunywa. Unaweka sukari, hamira kidogo na maji ya uvuguvugu, lakini huijazi. Unatoboa kifuniko, unapitisha mpira wa dripu kutoka duka la dawa, unaziba kwa gundi. Hamira inakula sukari, inatoa hewa ukaa, hewa inapita kwenye mpira hadi kwenye tangi. Kile kikombe kidogo cha dripu ambamo nesi hutazama matone yakishuka, mimi nilikitia maji kidogo nikawa natazama mapovu yakipanda. Povu moja, kimya, povu lingine. Sikuamini. Nikavuta kigoda nikayatazama mpaka wali ukaungua.

Shangazi aliijua harufu kabla ya kuiona chupa.

"Hii ni nini?"

"Hamira inakula sukari, inatoa hewa. Hewa inakwenda kwa majani."

"Na kinachobaki kwenye chupa?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili ya kawaida angesema "maji". Mimi nimesoma. "Kinachobaki ni kilevi kidogo."

"Kilevi."

"Kidogo sana, shangazi. Hakinyweki."

"Pombe zote hazinyweki. Ndiyo maana wanazinywa wamekunja uso." Akaliangalia tangi, akaiangalia chupa, akaniangalia mimi. "Sikiliza, mwanangu. Nyumba hii haijawahi kuchachusha kitu kisichoishia kwenye kikaango. Na wageni wa mdogo wako wanakuja."

Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa ajili ya wageni hao. Mdogo wangu alikutana na kijana wa Bunda kwenye harusi ya ndugu. Kijana mzuri, mpole, ana shamba Guta na sehemu katika duka la familia. Walipendana, jambo ambalo nililichunguza kwa makini nikashindwa kulikosoa. Tatizo lilikuwa baba mkubwa wake, mzee ambaye bila neno lake hakuna anayeoa katika ukoo ule. Mzee huyo ni mfanyabiashara wa samli na asali, na pua yake ndiyo mizani yake: anafungua dumu, ananusa, anasema ng'ombe alikula nini. Habari iliyotufikia ni kwamba aliwahi kwenda Suguti kumposea kijana mwingine, akaingia ndani, akavuta pumzi, akajua kwamba baba wa binti alionja kitu siku iliyotangulia. Akanywa chai yake kwa adabu, akaulizia mvua, akaondoka. Habari ya ua haikutajwa kabisa.

Na habari ya pili: mzee hapendi binti mwenye makelele.

"Basi mimi nimekwisha," mdogo wangu alisema siku tuliyosikia hayo, na jirani akauliza kupitia ukutani amekwisha kwa nini.

Shangazi akaanza kumfundisha kusema chini. Kila jioni walikuwa jikoni. "Sema: karibuni wazee." "KARIBUNI WAZEE." "Umewaita au umewafukuza?" Mwishowe wakakubaliana kwamba siku hiyo atakaa chumbani, kama desturi inavyotaka, na hatasema kitu. Nami nilipewa amri mbili: nisiulize maswali, na chupa iwe jalalani kabla wageni hawajafika.

Lakini majani yakapona. Siku chache tu, yakasimama. Yakatoa machipukizi mekundu nchani ambayo sikuwahi kuyaona hata kule kijitoni. Na mchana taa ikiwaka, kila jani likavaa mapovu madogo yanayong'aa, yamejipanga ukingoni, moja likiachia na kupanda, jingine likichukua nafasi. Shangazi alirudi kutoka dukani, akasimama na mkoba begani.

"Yamevaa shanga," alisema.

"Ni oksijeni. Jani likipata hewa ukaa ya kutosha…"

"Nimesema yamevaa shanga."

Kesho yake akaleta wateja kutazama. Keshokutwa yake akaleta wateja wa mpinzani wake. Akashona kitambaa chenye maua ya kudarizi akaivalisha chupa, akaisogeza nyuma ya pazia, na mimi nilipokumbusha kuhusu jalala alijibu kwamba wageni wanatoka Bunda, mbali, haifai wakute majani hayana shanga. "Pazia ni zito," alisema. "Na chupa imevaa."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, lile linalofanya hata mawe ya Musoma yaonekane yamechoka. Walifika baada ya sala ya adhuhuri: mzee na wenzake wawili, wote kanzu nyeupe zilizonyooka kama karatasi. Upande wetu aliwapokea baba mdogo, mtu mpole ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuitikia. Mdogo wangu alikuwa chumbani, uso umepakwa liwa, mikono ina hina mbichi iliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki, mdomo umefungwa kwa kiapo.

Mzee akaangalia viti vyote akachagua kilicho bora, ambacho kilikuwa jirani na tangi, yaani jirani na dirisha, yaani goti lake likigusa pazia. Nikiwa nimeshika trei ya juisi nikaona pua yake inasimama. Sijui niseme vipi vinginevyo. Uso ulibaki palepale, pua ikasimama.

"Hamira," alisema.

Baba mdogo akaitikia, "Naam."

"Na sukari." Akavuta tena, polepole, macho yamefumba, na wenzake wakanyamaza kama watu waliozoea kusubiri majibu. Shangazi alikuwa ameshika mlango. Mimi nilikuwa nahesabu njia za kutokea.

Mzee akafumbua macho, na uso wote ukafunguka. "Vitumbua! Wallahi nyumba hii kuna vitumbua. Tangu naingia mlangoni nasema, pua, acha kunidanganya."

"Vipo… vipo njiani, Mzee," shangazi alisema, yeye ambaye alinichapa utotoni kwa kusema nimenawa kumbe sijanawa.

"Basi hatuna haraka. Mazungumzo matamu na kitu kitamu." Akalegea kitini. "Tutaanza vikifika."

Jikoni kulikuwa na pilau, kachumbari, kuku, ndizi mbivu na mbichi. Hakukuwa na hata kitumbua kimoja. Mchele wa vitumbua unalowekwa, unasagwa, unaachwa uumuke. Si kitu cha kupika mgeni akiwa tayari amekaa kitini.

"Nenda kwa yule mama wa barabarani," shangazi alinong'ona.

"Huyo anamaliza asubuhi. Shangazi, mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba pua yake imekosea? Au kwamba haikukosea?"

Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali. Kisha nikapata moja. "Lakini mbona inanuka hivi? Jana haikunuka kiasi hiki."

Shangazi akageukia sufuria ya pilau akaanza kuifunika, ingawa ilikuwa imefunikwa.

"Shangazi."

"Niliikoleza."

"Uliifanyaje?"

"Asubuhi mapovu yalikuwa yanatoka moja moja, kama mgonjwa. Wageni wanakuja. Nikaongeza sukari kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha wageni. Na hamira. Na maji, mpaka shingoni. Nikaitikisa."

Chupa imejazwa, imetikiswa, imefungwa kwa mikono ya mwanamke anayefunga marobota ya vitenge, imewekwa dirishani kwenye jua la mchana, imevalishwa nguo. Ningetaka kuwa nimesema jambo la kisayansi. Nilisema, "Mungu wangu." Na wakati huohuo sauti ya mzee ikatoka sebuleni, tulivu kabisa: "Jamani. Samaki wenu wanataka kusema kitu."

Nilikimbia. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama uji wa mgonjwa. Mpira ulikuwa unatapika povu zito la hamira moja kwa moja juu ya majani ya shangazi, na furu wote walikuwa juu, midomo nje, wamejipanga wakifungua na kufumba kama wanakwaya waliopoteza sauti. Hewa ukaa ikizidi, samaki hapati pumzi. Hilo nililijua, nilikuwa nimelisoma. Nikavuta pazia, nikanyakua mpira, nikauchomoa kwa nguvu. Chupa ikashusha hasira yake yote. Povu likaruka, likatua kwenye mkono wa kanzu ya mzee, kuanzia kiwikoni hadi kwenye saa.

Mzee akainua mkono taratibu akaunusa.

"Hivi," alisema, "si vitumbua."

"Hapana, Mzee. Ni kilevi." Nilisikia shangazi akivuta pumzi na kuikatisha. "Hakinyweki, ni cha kutoa hewa ya majani, hakuna anayekigusa. Na nitakujibu kila utakaloniuliza, lakini samaki wanakufa, naomba unipishe kidogo."

Nikaanza kuchota maji machafu kwa jagi la juisi. Ni kazi ya kijinga, jagi dhidi ya tangi, na huku nachota nilikuwa bado naeleza, jinsi hewa ukaa inavyoyeyuka, kwa nini maji mapya yanafaa, kwa nini yamiminwe kutoka juu ili yabebe hewa safi. Nilikuwa nimefika kwenye oksijeni mlango wa chumbani ulipofunguka kwa kishindo.

Mdogo wangu alisimama pale na uso wa njano wa liwa, mikono miwili kwenye mifuko ya plastiki imeinuliwa juu kama mtu aliyekamatwa.

"DADA, ACHA KUHUTUBIA!"

Kikombe kililia kabatini.

"Baba mdogo, ndoo, ziko nyuma ya mlango! Nyie wawili, pipa liko uani, maji ya ziwa hayo, leteni! Msimwage njiani! Wewe baba," na huyu alikuwa mzee mwenyewe, "toa mguu, umekanyaga mpira! Shika beseni! Si hapo, hapa!"

Na wakaenda. Hili nimelifikiria mara nyingi, kwa nini walikwenda. Wazee wa heshima, waliokuja kuzungumza kwa mafumbo, walikunja kanzu wakazichomeka viunoni wakakimbia uani. Ndoo ikaja, ikamiminwa, ikarudi. Mzee alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili, povu la hamira likikauka kwenye kiwiko chake.

"Mimina kutoka juu!" mdogo wangu aliamuru. "Juu zaidi! Kama unapooza chai! JUU ZAIDI, BABA!"

Mzee akaacha beseni, akapanda juu ya kiti bora cha nyumba, akainua ndoo, akamimina kama anapooza chai.

Tulifanya hivyo mpaka maji yakaanza kuonekana tena. Furu mmoja akashuka. Kisha mwingine. Yule mkubwa mwenye mgongo wa buluu alikaa juu kwa muda kama anayetaka kuhakikisha kwanza, jambo nililomheshimu, halafu naye akazama kati ya majani. Sebule ilikuwa imelowa, zulia limelowa, vitambaa vya makochi vimelowa, na watu wote walikuwa wanahema.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokumbuka yeye ni nani na hawa ni akina nani. Akafunika uso kwa mifuko ya plastiki.

Mzee akashuka kitini, akaketi penye maji. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mzee," shangazi alisema.

"Tuliambiwa hasemi."

"Hasemi. Ni leo tu."

Jirani, kutoka nyuma ya ukuta, akauliza kama kuna moto.

Mzee akanigeukia. "Hicho kilevi. Samaki wanakunywa?"

"Hapana, Mzee."

"Majani yanakunywa?"

"Hapana. Yanavuta hewa tu."

"Hewa ya kilevi."

"Hewa ni ileile tunayoitoa puani, sote, hata wewe." Shangazi akafumba macho. "Kilevi kinabaki kwenye chupa."

"Leo hakikubaki."

"Leo hakikubaki," nilikubali.

"Na kwa nini hakikubaki? Nani alijaza chupa namna ile?"

Nilifungua mdomo, kwa kuwa lilikuwa swali zuri, lakini shangazi alinitangulia. "Ni mimi. Shanga zilikuwa zimepungua kwenye majani, nanyi mnatoka mbali. Nikaongeza sukari kwa ajili yenu."

Mzee aliutazama mkono wa kanzu yake. Akaangalia tangi. Akaangalia mifuko ya plastiki, na nyuma ya mifuko hiyo macho mawili yaliyokuwa yanachungulia.

"Kijana wetu," alisema mwishowe, akiwaambia wenzake zaidi kuliko sisi, "anasema ataezeka jiko la mama yake. Mabati yapo. Misumari ipo. Ngazi ipo. Mvua mbili zimepita. Kila mtu kwetu anamwambia kwa upole: baba, lile jiko. Anajibu kwa upole: kesho." Wenzake wakatikisa vichwa kwa uchungu wa kweli. "Mimi nimepanda juu ya kiti sasa hivi na goti hili bovu, na sikujua nimepanda mpaka nilipofika juu."

Kisha akajiweka sawa, akachomoa kanzu kiunoni, akakohoa kikohozi cha kazi.

"Sisi ni wasafiri," alisema. "Tumeona ua katika bustani hii."

Nikaliangalia tangi. Mimea ile haitoi maua ikiwa chini ya maji, na nilikuwa tayari kueleza kwa nini. Shangazi akanikanyaga mguu akaacha wake hapohapo mpaka baba mdogo alipomaliza kuitikia.

Walikula pilau lote. Mzee hakuweza kuswali na kanzu ile, akaazima ya baba mdogo, ambaye ni mfupi, akarudi Bunda akiwa na vifundo vya miguu hadharani. Akiwa mlangoni aligeuka. "Na vile vya njiani vimefikia wapi?"

Jioni ile shangazi aliloweka mchele, na asubuhi nikatumwa Bunda na hotipoti ya vitumbua mapajani pamoja na kanzu iliyofuliwa na kupigwa pasi mpaka ikawa ngumu. Dukani mzee alifungua hotipoti, akavuta pumzi, akafumba macho. "Vizuri," alisema. "Ila cha kwenye chupa kilinukia zaidi." Alikula viwili, akanionesha kona kati ya madumu ya samli iliyokuwa imefagiliwa. Alikuwa ameongea na fundi wa vioo wa pale. "Nimemwambia nataka kama lenu. Kaniuliza, la sambusa au la keki?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ajenge kwanza. Wewe utakuja kuweka majani. Chupa itakaa nje."

Nilitaka kumuuliza kama hiyo ni ajira au ni undugu, lakini simu yake ikalia, akaipokea, akaiweka mbali na sikio kwa haraka. Ilikuwa ni kutoka Guta. Kijana alikuwa juu ya jiko la mama yake na nyundo mkononi, na alikuwa anaomba ushauri wa misumari, huku simu yake nyingine ikiwa hewani na Musoma. Sauti ya mdogo wangu tuliisikia wote, mimi, mzee na mteja aliyekuwa anaonja asali, ikipita kwenye simu moja hadi nyingine bila kupungua.

"JUU ZAIDI!"